Kilima cha Tatu

Mjini, 9 Februari

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo, tena ya kupokelewa kwa mikono miwili. Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi hauna ugonjwa: jana alinipigia simu mara nne kuuliza kama mume wangu amekula. Hakuuliza kama mimi nimekula. Wiki tano tu za ndoa na tayari nimeshushwa cheo kwetu.

Dada, nimeolewa. Najua unajua, lakini naliandika tena kwa sababu napenda kuliona neno hilo likiwa limekaa kwenye karatasi. Nimeolewa na mtu anayevaa miwani kabla ya shati, eti anione mimi kwanza, mengine baadaye. Tuna chumba na sebule, ghorofa ya tatu. Dirisha la jikoni linatazama ukuta wa jirani wenye michirizi ya maji machafu kuanzia juu hadi chini, na mimi nikiosha vyombo nautazama ukuta ule naona mzuri. Ujue basi hali yangu.

Mama alinuna siku mbili kwamba hukuja harusini kwa sababu ya mtambo wa kazini kwako. Mimi sikununa, maana picha yako ndiyo iliyoniozesha. Sijawahi kukuhadithia vizuri. Alikuja dukani kwetu kunakili mitihani ya wanafunzi wake wa chuo, mashine ikakwama, akawa anasubiri huku amenuna. Ndipo akaiona ile picha niliyoibandika juu ya kikatio cha karatasi, wewe na kofia yako ngumu chini ya ile sahani kubwa ya chuma. Akauliza, "Huyu nani?" Nikasema dada yangu. "Anafanya kazi pale?" Nikasema mwaka wa kumi na sita huu. Hapo ndipo aliponitazama, Dada, mara ya kwanza, kama mtu aliyewashiwa taa. Kesho yake akarudi na karatasi moja tu ya kunakili. Keshokutwa, moja. Mwenye duka akasema, "Huyu mwalimu ama hajui kuhesabu ama anakutaka."

Tatizo ni moja. Ameniuliza kazi yako hasa ni ipi, nikasema unasikiliza mawingu. "Mawingu gani?" Nikasema ya juu. Akacheka mpaka akavua miwani. Usiniache niaibike kwa mume wangu. Niandikie, kwa lugha ya sisi tulioishia kidato cha nne.

Mdogo wako mwenye pete,
Chiriku

Kituoni, 2 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa langoni siku tisa ikisubiri lori, maana lori linakuja kila Alhamisi ya pili. Ukitaka kujua kwa nini sikupigii simu kama watu wengine, simu zetu zimefungiwa kwenye sanduku kule langoni, mwendo wa nusu saa kwa gari. Simu moja ikiwashwa hapa, mtambo unaisikia kama mtu aliyepiga kelele msibani. Mpishi wetu anadai friji la umeme tangu mwaka juzi, na Mkuu wa kituo kila mara anamjibu kwamba sahani ile ina masikio makali kuliko mama mkwe.

Mpe Mama pole ya goti. Mwambie nimesema pole mara mbili, ya goti na ya harusi. Kadi ilinifikia siku nne baada ya sherehe. Jina la shemeji nimelisoma mara mbili. Ni jina zuri. Hukuniambia anafundisha somo gani.

Sasa mawingu. Haya yangu hayana mvua. Ni gesi na vumbi laini kama moshi, yametanda kati ya nyota na nyota, mapana kiasi kwamba mwanga wenyewe unachukua miaka mingi kulivuka moja. Ukiyatazama kwa macho unaona shimo: mahali penye nyota tele, halafu pamebaki weusi, kama shuka lililounguzwa na pasi. Wako waliodhani ni matundu kweli. Si matundu. Nyota ziko nyuma, vumbi limeziba.

Ndani yake ni baridi, zaidi ya nyuzi mia mbili sitini chini ya sifuri. Baridi hiyo ndiyo inayotakiwa. Gesi ya moto haitulii, inatawanyika. Gesi ikipoa inatulia, na ikitulia inaanza kuvutana yenyewe kwa yenyewe.

Karibu yote ni hidrojeni, chembe zake zimeshikana mbili mbili, na kwenye baridi kama ile hidrojeni hiyo ni bubu. Haitoi kitu cha kupokelewa. Kwa hiyo tunamsikiliza jirani yake, gesi ileile ya jiko la mkaa inayoua waliofunga madirisha. Ni kidogo sana lakini ina maneno mengi. Mawimbi yake ya redio sahani inayakusanya, mtambo unayachora, na mimi nikiuangalia mchoro najua bubu yuko wapi na anakwenda wapi. Wewe ungeifanya vizuri sana kazi ya jirani huyo.

Huku mvua imeshika. Maji yaliyo hewani yananiziba nisisikie ya mbali.

Dada yako

Mjini, 23 Machi

Dada wa mimi,

Shikamoo. Mama amepata dawa ya kupaka na sasa anapanda ngazi kuja kwetu, kwa hiyo tunaomba dawa isimwishie haraka wala isimtoshe sana. Mume wangu amemwambia ngazi zetu ni nzuri kwa goti. Mama anamwamini kwa kila kitu. Kwangu hata nikisema maji yanachemka anakwenda kuangalia.

Anafundisha fizikia. Nilidhani nilikwambia, kumbe nilikwambia miwani tu. Na nyota ndizo anazozipenda kuliko yote, baada yangu, ndivyo anavyosema. Amewahi kuomba kusikiliza kwa mitambo mikubwa hajapata nafasi; ananieleza huku akiniviringisha nywele kidoleni na mimi nasahau nusu.

Nimeisoma barua yako mara tano. Ile ya gesi ikipoa inatulia, na ikitulia inaanza kuvutana, nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa kabati. Ndivyo tulivyokuwa sisi, Dada. Kila mtu na baridi yake, tumetulia, halafu tukaanza.

Nakuomba kitu kimoja. Ninataka kuona nyota inazaliwa. Usinieleze, nichoree. Umenilea, umenishonea sare ya shule, umenifundisha kuandika herufi ya kwanza ya jina langu. Nichoree na hii.

Chiriku wako

Kituoni, 20 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima, macho tu yanauma kwa kukesha na mchoro mmoja. Mpishi hatimaye amelipata friji lake, lililetwa na lori wiki tatu zilizopita, na tangu siku ile tunakula nyama kila siku ili apate sababu ya kulifungua.

Nilikuwa nataka kukunyima. Halafu nikafikiri, nisipomwambia huyu nitamwambia nani.

Kuna wingu moja dogo ninalolipenda, na ndani yake kuna kiini, yaani bonge la gesi iliyosongamana kuliko kwingine. Kwenye orodha ya wataalamu kiini hicho kina namba, nimeiandika chini ya mchoro, na mbele ya namba wameandika: hakina nyota. Miaka yote ndivyo ilivyoandikwa. Tarehe 2 mwezi huu mvua ilikatika siku moja, hewa ikakauka, mtaalamu aliyepangiwa zamu akawa mgonjwa. Mtambo ulikuwa umepoa na hauna mtu. Nikauelekeza pale, kuanzia asubuhi hadi saa kumi alasiri.

Tazama mchoro. Nimeunakili kwa mkono, mstari kwa mstari. Vile vilima viwili katikati, cha kushoto kirefu kuliko cha kulia: maana yake gesi inaangukia ndani, pande zote, kuelekea kitu kimoja. Halafu angalia miguu ya vilima inavyotanuka kama mabawa. Hiyo ni gesi inayotupwa nje kwa kasi, huku na huku. Gesi peke yake haijitupi. Kuna kitu kimeshazaliwa mle ndani, kinanyonya na kucheua kwa wakati mmoja. Bado hakijawaka sawasawa, kinang'aa kwa kubanwa tu, na vumbi limekifunika gubigubi. Mbali kulia kuna kilima cha tatu, chembamba kama sindano. Hicho sijakielewa bado.

Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya wingu haiwi nyota kamwe. Nyota zikishawaka, mwanga na upepo wake hulitawanya wingu lililozizaa. Usije ukaliandika hilo kwenye mlango wa kabati.

Sasa sikiliza. Miaka kumi na sita nimewafungulia wengine mtambo. Jina langu liko mwishoni, kwenye mstari wa shukrani, pamoja na dereva wa lori. Mkuu amesema nikikithibitisha kiini hiki wakati wa kiangazi, mwezi wa saba hewa ikikauka, nitaandika mimi, na jina la kwanza litakuwa langu. Mtu akinitangulia, nitarudi kwenye shukrani. Na sheria ya kituo ni kwamba mchoro hautoki nje kabla haujatangazwa. Nimeivunja kwa ajili yako. Ibaki kifuani mwako.

Dada

Mjini, 11 Mei

Dada yangu, mkunga wa nyota,

Shikamoo. Nimelia. Mwenye duka akaniuliza kama nimefiwa, nikasema hapana, nimepata mtoto. Akatazama tumbo langu akaenda zake.

Siri iko salama nyumbani kwetu. Hakuna aliyeiona isipokuwa mume wangu, na yeye na mimi ni kitu kimoja, hata mswaki tumewahi kukosea. Barua zako tunazisoma pamoja kwenye chai ya asubuhi, nasoma mimi, anasikiliza yeye. Nilipofika kwenye vile vilima aliniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Dada yako anaandika kama mtaalamu." Nilijivuna utadhani nimesifiwa mimi.

Na nisikufiche: ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, sikujua nimpe nini mtu mwenye kila kitu, yaani mwenye mimi. Nikazifunga barua zako zote kuwa kijitabu. Jalada la bluu, uzi mweupe, kingo nimezikata mara tatu mpaka zikanyooka kama wembe. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Alikipokea kwa mikono miwili.

Siku hizi ana furaha, anaandika mpaka chakula kinapoa. Kesho anasafiri wiki nzima kwa rafiki yake mwenye mtambo kama wenu. Kitanda kitakuwa kikubwa kama uwanja.

Mama mzima, anauliza utaolewa lini.

Chiriku

Kituoni, 1 Juni

Chiriku,

Barua yako imefika leo, na lori linaondoka baada ya saa moja.

Kile kilima cha tatu si cha angani. Ni friji la mpishi. Kila linapojiwasha linatoa mlio wa redio, na siku ile lilikuwa na siku chache tangu lifike. Tumelizima, kilima kimetoweka. Kifute kwenye mchoro.

Kijitabu kiondoe mikononi mwake, ukiweke kwa Mama. Leo.

Dada

Mjini, 29 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imechelewa, imefika Jumatatu hii. Umeandika kama mtu anayekimbizwa. Umekasirika kwa sababu ya kijitabu? Nilimwambia kwa upole kwamba unakitaka kwa Mama. Akasema amekisahau ofisini, atakileta.

Nilimsomea sehemu ya friji kwenye chai. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nilidhani atacheka kuliko mimi, maana yeye ni mtu wa utani. Aliweka kikombe chini akasema, "Rudia." Nikarudia. Akatoka bila kumaliza chai na bila miwani, ikabidi nimkimbilie ngazini nimpe.

Labda ni uchovu. Amefanya kazi sana na Mungu amemlipa: andiko lake limetoka kwenye jarida la wataalamu. Jina lake peke yake, Dada, juu kabisa. Tulinakili dukani nakala ishirini na mwenye duka hakututoza. Mimi lugha yenyewe ya mle ndani sikuielewa, lakini niliona neno la wingu na mchoro wa vilima, nikafurahi kwamba mnapenda vitu vinavyofanana. Nimekuwekea nakala moja humu. Mkikutana mtakuwa na mengi.

Mama anakusalimu. Goti limerudi.

Chiriku

Kituoni, 27 Julai

Kwa mdogo wangu,

Fungua ukurasa wa nne wa andiko la mume wako. Mchoro ule ni wangu. Si kwamba unafanana. Mkono wangu uliteleza kidogo kwenye mguu wa kilima cha kushoto, wino ukapinda, na mpindo ule upo. Kilima cha tatu pia kipo. Ameandika aya nzima, Chiriku. Anasema ni risasi ya gesi iliyofyatuliwa na nyota ya pili iliyojificha, na ametaja kasi yake. Ni friji.

Mkuu alipata jarida lake kwa lori lilelile lililoleta barua yako. Aliniita akaweka kidole kwenye sindano ile.

"Hiki nini?"

"Friji, Mkuu."

"Friji letu limefikaje kwenye jarida?"

Kumjibu kungekuwa kukutaja wewe. Nikalifunga jarida nikamrudishia. Anaamini nimeutoa mchoro kwa mtu wa nje kwa makusudi. Nimeondolewa kwenye chumba cha mtambo. Hewa imekauka mwezi huu wote, hakuna wingu hata moja, na mimi nahesabu misumari ghalani. Amenipa hadi tarehe 15 Septemba nilete maelezo kwa maandishi kutoka kwa aliyeupokea mchoro: kwamba ilikuwa barua ya ndugu kwa ndugu, na nani aliyeichukua humo. La sivyo nafungasha.

Mtu huyo ni wewe. Najua ninachokuomba kinakaa wapi.

Na lipo langu. Jina lililo kwenye kadi nililijua. Aliwahi kuomba nafasi ya mtambo wetu mara tatu, mara zote wingu lilelile, na mimi ndiye ninayepanga maombi kwenye jalada. Alikataliwa mara tatu. Ulipoandika kwamba aliniona kwanza mimi kwenye picha, moyo wangu ulishtuka. Nikajiambia mtu anaweza kuanza kwa picha akaishia kwa kupenda. Ulikuwa na furaha mno, nikaona nani mimi wa kuizima. Halafu nikakuchorea, kwa sababu na mimi nilitaka kusifiwa na mtu wangu.

Dada

Mjini, 24 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mama mzima. Nimesema hayo ya salamu ili yaishe.

Barua yako nilikaa nayo siku nne kwenye mfuko wa aproni ya dukani. Jumamosi mchana, akiwa anakata kucha sebuleni, nikamwekea ukurasa wa nne mapajani na kijitabu cha bluu pembeni, kimefunguliwa kwenye barua yako ya Aprili. Alitazama kimoja, akatazama kingine, akaendelea na kucha.

"Mvua ilinyesha siku sita kule kwa rafiki yangu," akasema. "Ulitaka nirudi na nini?"

"Na mwavuli."

"Usinifanyie mzaha."

"Umeandika kwamba ulisikiliza kwa saa kumi na mbili nzima."

"Nyota ipo au haipo? Ipo. Dada yako ni fundi. Fundi akiona kitu, hakijaonekana. Mimi nimefanya kionekane."

"Na friji?"

Hapo aliweka kikata kucha chini. Halafu akasema kitu ambacho bado nakisikia nikiwa kwenye mashine, juu ya kelele zake. Alisema, "Ulinisomea mwenyewe. Tena ukanifungia kitabu."

Ni kweli, Dada. Hakuniibia. Nilimpa na uzi mweupe.

Nikamuuliza moja tu. Siku ile dukani, picha yako isingekuwepo ukutani, angerudi kesho yake na karatasi moja? Alivua miwani akaipangusa kwa shati. Alipangusa, akapangusa. Nimeishi naye miezi saba, najua miwani ile haikuwa chafu. Akasema, "Sasa hivi nakupenda, si ndilo muhimu?" Huenda hata ni kweli. Nimejaribu kulipima neno "sasa hivi" nikakosa mizani. Aliniambia nikiandika maelezo yale nimemmaliza, kamati ya kumpandisha cheo inakaa Septemba. Akaniomba kwa jina la ndoa yetu. Mimi ndoa yetu nilikuwa nikiitazama ukutani kwa jirani, na ule ukuta, Dada, ni mchafu.

Na wewe. Ulilisoma jina mara mbili ukaniandikia kwamba ni zuri. Ningekuchukia mwezi mzima kama ungeniambia, labda mwaka. Lakini ningejua. Wewe na yeye mlikuwa mkijua kitu kimoja kunihusu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea wote wawili kwa sauti. Umesema wingu lina bubu mmoja. Nyumba yetu ilikuwa na wawili.

Maelezo yamo humu ndani, kurasa tatu, nimesaini kila moja. Nimeandika jinsi barua ilivyokuja, nilivyoisoma kwenye chai, nilivyoifunga, na aliyepewa. Sikupunguza sehemu yangu. Bahasha ya Aprili yenye muhuri wa posta nimeibana nyuma. Kijitabu cha bluu pia kimo. Hakikuwa ofisini, kilikuwa chini ya makoti yake.

Limebaki la jana. Alikuja dukani, kama mteja, maana nimehamia kwa Mama tangu Jumapili. Alileta andiko lake lifungwe nakala tano za kamati, jalada gumu, jina kwa herufi za dhahabu. Akaniambia taratibu, "Nifanyie hii tu, halafu tutazungumza." Nikamwambia kazi ni kazi.

Nilifunga zote tano. Baada ya ukurasa wa nne, katika kila moja, niliweka nakala ya barua yako ya tarehe 20 Aprili yenye mchoro, na baada yake ile fupi ya friji. Kingo nilikata mara tatu. Huwezi kujua kwamba kurasa hizo hazikuzaliwa pamoja.

Alipokuja kuchukua nikamwambia, "Fungua ukague kabla hujasaini. Ndiyo sheria ya duka." Mwenye duka alikuwepo, alisikia. Nikamwambia tena, "Kagua ndani, mwalimu."

Alitazama jalada tu, penye jina lake. Akasema, "Safi." Akasaini akaondoka nazo.

Mdogo wako

Kituoni, 21 Septemba

Chiriku,

Marahaba, ya siku zote nilizokaa bila kuandika.

Mkuu amesoma maelezo yako mbele yangu, neno kwa neno. Nimepewa onyo la maandishi kwa kutoa mchoro nje, na ninalistahili. Halafu akanirudishia ufunguo wa chumba cha mtambo. Kiangazi kilikuwa kimebaki na siku kumi na moja. Nimesikiliza siku tisa. Vilima viwili vipo, mabawa yapo, upande wa kulia kumelala tambarare. Andiko limetumwa juzi. Jina la kwanza ni langu. La dereva wa lori nimeliacha kwenye shukrani, na la mpishi nimeliongeza, ameomba mwenyewe.

Jarida limetuandikia barua kuhusu aya ya friji. Ya kamati sijui, na kama unajua usiniandikie mpaka utakapotaka.

Ulichosema kunihusu nimekisoma zaidi ya mara mbili. Sina la kujitetea.

Chumba changu kina kitanda cha pili ambacho kwa miaka yote nimekiwekea masanduku. Nimeyatoa. Alhamisi ya tarehe 19 Oktoba lori linapita mjini saa mbili asubuhi, dereva anakujua kwa sura, picha yetu ya pamoja iko juu ya kiti chake, nimempa. Sijui kama umenisamehe, na mimi sijamaliza kukusamehe. Njoo hivyo hivyo.

Simu uiache langoni.

Dada